Tulivyokodi basi la misheni Dodoma mpaka Rwanda: basi chukueni, kifurushi acheni

Naandika hii nikiwa mweka hazina wa vijana, sio mwimbaji wala mhubiri, kwa hiyo mkiona naongelea hela sana mnivumilie, ndo kazi niliyopewa. Tangu turudi nimeulizwa na vikundi vinne vya hapa Dodoma na kimoja cha Manyoni, mlikodi kwa nani, bei gani, mlipigwa au hamkupigwa. Jibu ni kwamba tulipigwa na pia tulihudumiwa vizuri sana, vyote safari moja kampuni moja. Jina lao siandiki, bado tunadaiana na suala lipo kwa mzee wa kanisa anayelishughulikia kwa upole wake, ila nitaeleza mwanzo mwisho ili ukiletewa kifurushi cha aina hii ujue unasaini wapi na unakimbia wapi.

Tulikuwa 41, vijana 36, walezi watatu, mchungaji na mama mchungaji. Safari ya injili kwenda Rwanda, kanisa wenyeji lipo upande wa Kayonza, mashariki kule, kuondoka Alhamisi kurudi Jumanne. Kifurushi chenyewe kilikuwa hivi: basi la mbili kwa mbili lenye kiyoyozi na madereva wawili, 220,000 kwa kichwa. Kulala usiku tano Kigali, 100,000. Chakula cha njiani 20,000. "Msaada wa nyaraka" 15,000. Afu "vyombo vya mkutano wa nje", yaani spika mbili kubwa, mikisa na jenereta, 30,000. Jumla 385,000 mtu mmoja, zidisha mara 41 ni 15,785,000. Na hizo sio hela za mfadhili jamani, hizo ni chapati za Jumapili baada ya ibada, ni kuosha magari, ni karanga za kukaanga, kuna kijana wetu wa Chamwino aliuza mbuzi wawili. Ndo maana mtu akiniambia "dada samehe tu, si mlifika salama" namwangalia hivi.

Nianze na nyaraka maana hapo ndo nilianza kushtuka. Nilidhani msaada wa nyaraka ni mtu anakaa na vijana, anajaza fomu, anafuatilia. Kumbe ni linki. Yule kaka wa ofisini alitutumia wasap linki ya Uhamiaji, ile ile ambayo mtu yeyote anaifungua bure, basi, 615,000 zikawa zimekwenda. Pasipoti ni 150,000 na vijana wengi hawana hiyo hela, kwa hiyo wengi wetu tulienda na hati ya dharura ya kusafiria, ile karatasi, na kwa hiyo yenyewe unatakiwa uwe na namba ya NIDA na barua zako vizuri. Kitambulisho cha NIDA peke yake kwetu hakikutosha. Tulijipanga wenyewe, tukaenda Uhamiaji kwa mafungu ya watu kumi kumi, na pale nilihudumiwa vizuri tu, sina neno.

Sasa sikilizeni hii ya kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Wiki tatu kabla ya safari mwenyekiti wetu akauliza kwenye grupu, "kaka, kadi za njano vipi?" Jamaa akajibu, "kadi ya njano nishamaliza, hiyo msiwaze." Sisi tukashukuru Mungu, tukaendelea na mazoezi ya kwaya. Siku kumi na moja kabla ya safari, Jumapili, ibada imeisha, kuna mama mmoja wa kanisani ni nesi, akaja kwangu kwenye meza ya sadaka akaniuliza vijana wamechanjwa wapi. Nikamwambia kadi anazo wakala. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, kadi ya mtu haikai kwa wakala, anachanjwa nani, wakala?" Tukapiga simu hapo hapo. Kumbe jamaa alikuwa anaongelea kadi ya njano ya basi! Ile bima ya COMESA ya gari kuvuka mpaka nayo inaitwa kadi ya njano. Yeye kakata bima ya basi, sisi tunajua tumeshalindwa na homa ya manjano. Na ubaya wa ile chanjo ni kwamba cheti chake kinaanza kuhesabika siku ya kumi tangu uchomwe, kwa hiyo tulikuwa na siku moja tu ya kucheza nayo. Jumatatu ilikuwa ni mbio, vijana wanaomba ruhusa vyuoni, wengine kazini, mlezi mmoja anaogopa sindano akawa anazunguka jengo, mpaka saa tisa alasiri wote 41 tuna kadi. Faida yake ni kwamba ukichanjwa mara moja cheti ni cha maisha, zamani ilikuwa miaka kumi. Na mpakani yule dada wa afya aliangalia kadi tatu za mwanzo akatuachia wote, nikatamani nimwombe aangalie zote ili angalau ule mkimbio uwe na maana.

Siku ya safari basi lilitakiwa liwe kanisani saa tisa usiku, likafika saa kumi na nusu. Na halikuwa mbili kwa mbili, lilikuwa tatu kwa mbili, na kiyoyozi ni madirisha. Konda akasema lile jingine liko gereji. Hapa niseme ukweli wangu, kwa kuwa basi lilikuwa kubwa na sisi 41 tulikaa kwa nafasi kuliko tungekaa kwenye lile la picha, wengine walilala siti nzima ya watu watatu mpaka Singida. Lakini nililipia kingine nikaletewa kingine, na mtu akikuuzia mchele wa Mbeya akakuletea mwingine hata kama umeiva vizuri bado ana deni la maelezo.

Dereva sasa. Dereva alikuwa mzee mmoja mtu mzima, kofia ya kufuma, miwani imefungwa na uzi, sisi wote tulimwita Babu na yeye akaitika. Huyu mzee ndo sababu ya mimi kuandika review badala ya kuandika malalamiko peke yake. Kabla hajawasha alizunguka basi anagonga matairi kwa nondo, moja moja, yote, anasikiliza kama anapima tikiti maji. Bahi, Manyoni, Singida, tunateremka mlima Sekenke kwa gia nzito hata maji kwenye chupa hayachezi, huku malori yanapanda yanalia. Karibu na Igunga tulipata pancha, yeye na konda wakabadili tairi vijana hawajamaliza hata mapambio matatu. Na anajua sehemu zote za kuchimba dawa, zenye kichaka cha akina dada na zenye kichaka cha akina kaka, hajatusimamisha hata mara moja sehemu ya aibu.

Ila dereva wa pili alikuwa ni konda. Yaani yule yule konda, ana leseni, sikatai, lakini kwenye karatasi tumeandikiwa madereva wawili NA kondakta. Mabasi siku hizi yana ule mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wa kufuatilia mwendo, na kila dereva anatakiwa aingie na kitufe chake, sasa pale Nzega mzee alipokwenda kulala siti ya nyuma, konda akaendesha kwa kitufe cha mzee. Mimi nilikuwa siti ya mbele nikaona kwa macho yangu. Nikamuuliza akacheka tu. Kwa safari kama ya kilomita elfu moja sio jambo la kuchekea, na kama nyinyi ndo mnakodi, ombeni kuona vitufe viwili na leseni mbili kabla basi halijatoka getini, msione aibu.

Kahama tukanunua maji, Nyakanazi giza likaanza kuja, afu ile barabara ya kwenda Ngara ina malori balaa. Rusumo tulifika saa mbili kasoro usiku. Na hapa nitatoka kidogo kwenye mambo ya hela.

Kabla ya daraja Babu alipunguza mwendo akazima redio. Vijana walikuwa wanapiga kelele, wanachungulia maporomoko, taa za ule mtambo wa umeme unaotumiwa na nchi tatu zinaonekana, kila mtu ana simu juu. Mzee akasema bila kugeuka, "Mimi hapa nilipita mwaka 94 nikiwa utingo wa Skania, tunapeleka mahindi Benaco, kambi ya wakimbizi." Wengi wetu hatujazaliwa mwaka huo. Mama mchungaji akamuuliza ilikuwaje. Akasema mwisho wa mwezi wa nne wakimbizi wa Rwanda walivuka daraja lile la zamani mchana na usiku, na kweli ni kitu kinachojulikana, inakadiriwa watu kama laki mbili na nusu waliingia Ngara ndani ya siku moja hivi. Yeye anachokumbuka ni ukimya. Akasema, "Watu wote wale, hata watoto hawalii." Afu akanyoosha mkono kuonyesha mto kule chini, hakusema kitu, akarudisha gia. Simu zilishuka. Hakuna semina yoyote ya maandalizi tuliyofanya kanisani iliyowaandaa wale vijana kama zile dakika mbili.

Haya, mpakani. Siku hizi ni kituo kimoja, wa kwetu na wa kwao wanakaa jengo moja, kwa hiyo kwa watu haikuchukua muda. Kilichochukua muda ni vitu viwili, na vyote viwili ni vya kifurushi. Cha kwanza chakula cha usiku. Ofisi ilikuwa imetufungia chipsi na kuku tangu Singida, kila mmoja na foili yake ndani ya mfuko laini wa plastiki. Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, hata sisi tumepiga marufuku tangu 2019, sasa mtu anayejiita mtaalamu wa safari za Rwanda anafungaje chakula kwa mifuko 41? Tukasimama pale kwenye mwanga wa taa tunafungua mfuko mmoja mmoja, tunatoa foili, tunaweka mifuko kwenye pipa, afande anahesabu kimyakimya. Chipsi zimepoa zimekuwa kama kamba za viatu. Cha pili ni zile spika na jenereta. Havina karatasi yoyote. Forodha wanataka kujua vinaingia kuuzwa au vinarudi, kwa hiyo ikabidi viandikwe namba zake zote, vishushwe, vipandishwe, saa moja na nusu hiyo, mwenyekiti wetu mpaka leo anaweza kukutajia namba ya ile jenereta kwa kichwa.

Baada ya hapo unahama upande wa barabara, kule wanaendesha kulia. Hili jambo hakuna aliyetuambia maana yake kwa basi la Tanzania. Maana yake mlango wa abiria, ambao kwetu unafungukia pembeni, kule unafungukia katikati ya barabara. Kijana wa kwanza kushuka kituo cha mafuta alikuta taa za lori usoni, konda akamdaka kwa kola ya shati. Kuanzia hapo konda akawa anashuka yeye kwanza na kizibao chake cha kung'aa, anasimama barabarani mikono imetanuka kama kuku anayefunika vifaranga, ndo tunashuka. Na kuovateki ndo kabisa, maana dereva anakaa upande wa nje, haoni mbele ya lori. Kwa hiyo konda anakaa siti ya kushoto mbele anakuwa macho ya mzee: "Subiri... subiri Babu... pikipiki... haya twende, twende, twende, rudi." Kilomita kama 160 mpaka Kigali, wanaongea hivyo hivyo, na mwendo ni sitini, na kamera zipo. Nikamsamehe konda nusu ya ile dhambi ya Nzega. Lakini jiulizeni, konda akishika usukani kama dereva wa pili, macho yanakuwa nani?

Halafu kule hamna kuchimba dawa, nawaambia mapema. Hakuna kusimama popote na kuingia kichakani, mtavumilia mpaka sehemu yenye choo, na vyoo vipo na ni visafi.

Kigali tuliingia saa sita usiku na kitu ya kwetu, kule ni saa tano na kitu, wako nyuma lisaa limoja, hilo nalo ratiba ya ofisi ilikuwa imeandikwa kana kwamba saa ni moja dunia nzima. Hosteli ilikuwa sawa, mashuka safi, maji ya moto, vitanda vya juu na chini, sina malalamiko na hosteli yenyewe. Tatizo ni ramani. Huduma yetu ipo Kayonza, na Kayonza mpaka Kigali ni kama kilomita 75. Kwa mwendo wa sitini, na milima ile, ni kama lisaa limoja na nusu kwenda na lisaa limoja na nusu kurudi, kila siku, basi zima la watu, mafuta yanaungua. Nani alipanga? Nikaja kujua baadaye kwamba ofisi wana makubaliano na ile hosteli, kila kikundi kinachoenda Rwanda kinalala pale hata kama huduma yao ipo Butare.

Ijumaa tukaenda kwa wenyeji, wametupokea kwa nyimbo tangu barabarani, hiyo naruka maana nikianza sitamaliza. Jioni tunajiandaa kurudi Kigali, mwinjilisti mwenyeji akauliza kesho mnakuja saa ngapi. Mwenyekiti akasoma ratiba: Jumamosi saa mbili asubuhi kuondoka Kigali kuelekea eneo la mkutano. Yule ndugu akacheka kwa heshima, mkono mdomoni. Kesho ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni umuganda. Kuanzia saa mbili mpaka saa tano nchi nzima ipo kwenye kazi za pamoja, basi la watu 41 likikatiza barabarani saa hizo litasimamishwa na kuulizwa kwa nini hamfanyi kazi. Jambo ambalo mtoto wa darasa la pili wa kule analijua, wakala wetu aliyekula 15,785,000 hajui.

"Na huo mkutano wa nje," akaendelea, "mmeomba kibali?" Kimya. Kwa kweli hapa ndo nilikaa chini kwenye benchi. Kule huwezi kufunga spika uwanjani ukahubiri kama tunavyofanya sisi hapa viwanja vya shule. Serikali yao iko makini na makelele na majengo, 2018 na tena 2024 walifunga maelfu ya nyumba za ibada kwa kutokidhi vigezo, na mchungaji anatakiwa awe amesoma theolojia. Wenyeji wetu wenyewe wamepitia huo mchujo, wana choo kipya, wana lami ndogo mlangoni, wana dari la kuzuia sauti, hawawezi kuharibu kazi yao yote kwa sababu ya jenereta la Dodoma. Kwa hiyo zile spika, 1,230,000, hazikutoka kwenye buti hata sekunde moja. Zilikwenda Rwanda zikarudi, zimetembea kilomita elfu mbili, zina ushuhuda kuliko sisi.

Usiku ule ule tukagawanywa kwenye nyumba za waumini, wawili wawili. Bure. Walikuwa wamejiandaa tangu mwanzo, wakala ndo aliwaambia hatuhitaji! Mimi na mwenzangu tulipewa mama mmoja ambaye amekulia Karagwe, familia yao walirudi baada ya vita, Kiswahili chake kitamu kuliko changu, na kule ni lugha rasmi tangu 2017 ingawa sio kila mtu anakiongea. Alituletea maziwa mgando kwenye kikombe cha bati, wanaita ikivuguto. Mwenzangu ni Mgogo wa Mvumi, akanywa akafumba macho, akasema "huyu ni shangazi yangu kabisa". Akatoa mlenda mkavu aliokuwa amebeba kwenye bahasha ya kaki, wakaingia jikoni wawili, mimi sijui waliongea nini huko mpaka saa tano usiku.

Asubuhi umuganda. Tulichimba mtaro na kusaidia kuinua ukuta wa nyumba ya bibi mmoja, kwa matofali ya udongo yasiyochomwa, wao wanaita rukarakara. Vijana wetu wamekulia kwenye udongo, wakaingia kazini mpaka kiongozi wa kijiji akauliza hawa watoto wametoka wapi. Baada ya kazi huwa kuna kikao, akaomba wageni waimbe wimbo mmoja. Zeze likatoka, njuga zikafungwa miguuni zikiwa na matope, na akina dada wakapiga ngoma kama ya kwetu kabisa pale kwenye nyasi. Umeme wa nini sasa? Mtu wa mwisho nyuma alisikia vizuri. Mchungaji akapewa dakika tano za kusalimia, na hiyo ndo "mkutano wa nje" yetu, kwa kibali cha mwenye kijiji, bila waya hata mmoja.

Jumapili ibada. Jumatatu asubuhi tukapelekwa Gahini, juu ya ziwa Muhazi, kule ulikoanzia ule uamsho wa miaka ya 1930 ambao wazee wetu wa Dodoma bado wanautaja wakianza kutoa ushuhuda. Mlezi wetu mmoja mwenye miaka sitini na kitu alisimama pale anatazama ziwa, hataki kuingia kwenye basi. Mchana tukarudi Kigali, makumbusho ya mauaji ya kimbari pale Gisozi, jioni hakuna aliyeimba. Usiku tukalala hosteli, Jumanne saa kumi alfajiri Babu huyo, anagonga matairi.

Sasa hesabu, maana ndo mliyokuja kusoma. Usiku tano tulizolipia tulilala mbili, Alhamisi na Jumatatu. Tatu hatukulala, hiyo ni 60,000 kwa mtu, jumla 2,460,000. Ongeza spika 1,230,000. Ongeza linki ya Uhamiaji 615,000. Ni 4,305,000 ambazo hatukuzipatia huduma, bado sijagusa chipsi wala kiyoyozi. Nilipeleka barua na nakala za risiti. Jibu la kwanza la yule kaka: "Dada, kifurushi ni kifurushi." Jibu la pili, baada ya mzee wa kanisa kwenda mwenyewe, ni laki sita kwenye simu na ahadi ya punguzo safari ijayo. Punguzo la nini sasa, la linki?

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Basi lao na yule mzee nawapa nyota nne na nusu, ile nusu nimeikata kwa kitufe cha Nzega. Ofisi nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu bima ya COMESA kweli waliikata na mpakani basi halikupata shida. Ukitaka kwenda, kodi basi tu, 9,020,000 kwa basi zima siku sita na kwa umbali ule sio bei mbaya. Kwenye mkataba andika namba ya gari na aina ya siti, andika madereva wawili mbali na konda, dai uone kibali cha kukodishwa na bima ya kuvuka mpaka. Vingine vyote, kulala, chakula, ratiba, nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi, mpigie simu mwenyeji wako moja kwa moja, usimpitishe mtu katikati. Sisi tulikuwa na namba ya yule mwinjilisti tangu mwezi wa kwanza, tukawa tunaona kumpigia ni kumsumbua.

Na wenye vijana chini ya miaka 18, sisi tulikuwa nao watatu, barua za wazazi toeni kopi za kutosha, moja ilibaki kwenye dirisha la kwenda na nyingine wakaiulizia tunarudi.

Mwakani tunafikiria Burundi. Babu nimeshampigia, amesema yupo, yeye na konda, tumwambie tarehe mapema. Sharti lake ni moja tu, jenereta lisipande kwenye basi lake.